Mwili umegoma: mwongozo kamili wa kutofautisha uvivu na sonona, na kuanza tena kufanya mambo hatua kwa hatua

Wengi hukwama mahali palepale. Jumapili usiku mtu anaandika ratiba: kuamka saa 11 alfajiri, kukimbia, kusoma kurasa 20, kusafisha nyumba, kutafuta wateja. Jumatatu anajikongoja. Jumanne amerudi kitandani, na kufikia Jumatano ameshajiita mvivu. Wiki inayofuata anaandika ratiba nyingine, ngumu kuliko ile ya kwanza, ili kujiadhibu.

Makosa ni mawili kwa pamoja. Hakupima kwanza kama anachopigana nacho ni tabia au ugonjwa. Halafu anasubiri ari ije ndipo aanze, wakati kwa mtu mwenye sonona (ugonjwa ambao Kiingereza huitwa depression) ari huja nyuma ya kitendo, tena kwa kuchelewa sana.

Mwongozo huu ni wa wiki 6. Unamfaa mtu aliyepoteza nguvu ya kufanya hata mambo madogo, na ndugu anayeishi naye.

## Usianze hapa ikiwa kuna mojawapo ya haya

Kuna hali ambazo mwongozo huu hauziwezi. Kwa hizi nenda hospitali kwanza:

- Mawazo ya kujiua au kujidhuru, hasa kama mtu ameshafikiria njia au siku. Asiachwe peke yake. Sumu ya panya, dawa za shambani, vidonge vilivyobaki na kamba vitolewe nyumbani leo. Mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, saa yoyote. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.
- Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba watu wanamfuatilia, kuongea maneno yasiyoshikamana. Kijana aliyeacha kuoga, kuongea na kutoka chumbani huku akiwa na dalili hizi mara nyingi huitwa mvivu au mvuta bangi kwa miezi mingi kabla hajapelekwa kutibiwa. Kila mwezi unaopita bila tiba unafanya kupona kuwe kugumu zaidi.
- Vipindi vya kutolala siku kadhaa bila kuchoka, kuongea kwa kasi, kutumia fedha ovyo, kisha kuporomoka. Hii inaweza kuwa baipola, na dawa za kawaida za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuiwasha upya. Mweleze daktari vipindi vyote viwili, cha juu na cha chini.
- Mama aliyejifungua karibuni ambaye amechanganyikiwa, halali hata mtoto akiwa amelala, au anaogopa kwamba atamdhuru mtoto. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.
- Anayekunywa pombe kila siku na anataka kuacha ghafla ili "aanze maisha mapya". Kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, degedege, hata kifo. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali.

## Unachohitaji

- Daftari moja na kalamu. Karatasi inafaa kuliko simu, kwa sababu ukifungua simu kuandika mstari mmoja utajikuta umepotea humo saa nzima.
- Kengele ya simu au saa ya kawaida.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza: dada, rafiki, jirani, mwenza. Mmoja anatosha. Watu watano wanaokuuliza "umefikia wapi?" ni mzigo.
- Nauli ya kwenda kituo cha afya na fedha ya vipimo viwili au vitatu. Itenge mapema, maana siku ukizidiwa, kutafuta nauli ndiko kutakakokuzuia.
- Dakika 10 kila jioni kwa wiki 6.

Huhitaji video za kuhamasisha. Zinakupa joto la nusu saa, kisha zinakuachia kipimo kipya cha kujilaumu.

## Hatua ya 1: Pima (siku ya kwanza)

Dodoso linaloitwa PHQ-9 hutumika kliniki nyingi duniani, na ni bure. Linauliza mambo tisa kuhusu wiki 2 zilizopita. Kwa kila moja jipe alama: 0 kama halikukusumbua kabisa, 1 siku chache, 2 zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 karibu kila siku.

1. Kukosa hamu au furaha katika kufanya mambo.
2. Huzuni, moyo mzito, kukata tamaa.
3. Kukosa usingizi, kushtuka usiku, au kulala kupita kiasi.
4. Uchovu, kukosa nguvu.
5. Kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi.
6. Kujiona hufai, umeshindwa, umeiangusha familia.
7. Kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kama kusoma au kusikiliza taarifa ya habari.
8. Kuongea na kutembea polepole hadi watu wanaona, au kinyume chake, kutotulia.
9. Mawazo kwamba heri ufe, au ya kujidhuru.

Jumlisha. Alama 5 hadi 9 ni dalili hafifu, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 nzito kiasi, 20 hadi 27 kali. Swali la 9 husomwa peke yake: ukiandika chochote zaidi ya 0, mwambie mtu leo na uonane na mhudumu wa afya, hata kama jumla yako ni 6.

Dodoso halitoi hukumu ya ugonjwa. Linasema tu kama kuna haja ya kuchunguzwa. Watu wengi hulijibu vibaya kwa njia moja: wanaruka swali la 2 kwa kuwa "sina huzuni, nina uchovu tu". Sonona mara nyingi huja na mwili mbele: kichwa kizito, mgongo, kifua kubana, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka moto. Mtu anaweza kuwa nayo bila kudondosha chozi hata moja. Ndiyo maana swali la 1 lina uzito sawa na la 2. Ili daktari aseme hii ni sonona, angalau moja kati ya hayo mawili lazima liwepo, na dalili zote kwa jumla zifike angalau tano, kwa wiki 2 mfululizo.

### Sasa, uvivu uko wapi?

Jiulize mambo matatu.

*Je, hata nilivyovipenda vimekufa?* Anayekwepa kazi hukwepa vyombo na kufua, lakini mechi ya Simba na Yanga haimpiti. Mwenye sonona anaikosa mechi na hajali matokeo.

*Je, kukwama kumefunika kila kitu au kazi moja?* Kama unashindwa kuandika ripoti tu, lakini unapika, unacheka na unatembelea watu, tatizo liko kwenye ripoti: huijui vizuri, unaiogopa, au huoni faida yake.

*Je, nikipumzika napumzika kweli?* Mvivu akilala mchana huamka ametulia. Mwenye sonona hulala kwa muda wa saa kumi na kuamka amechoka, akijilaumu.

Kama majibu yanaonyesha si ugonjwa, na alama zako ni chini ya 5, nenda moja kwa moja hatua ya 4. Mbinu ni zilezile. Ila kwanza angalia haki ya jambo lenyewe: kijana aliyetuma maombi ya kazi mwaka mzima bila kujibiwa, au binti anayefanya kazi za ndani kutoka alfajiri hadi usiku na bado akaambiwa hajitumi, hao hawana uvivu wa kutibu.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba moja daftarini, yenye tarehe.

## Hatua ya 2: Ondoa sababu za mwili (wiki ya kwanza)

Magonjwa kadhaa hujifanya uvivu na mengine hujifanya sonona. Kituo cha afya kinaweza kuangalia haya:

- Wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita), au mwanamume chini ya 13, ana upungufu wa damu. Hedhi nyingi, minyoo na malaria za mara kwa mara ni sababu za kawaida huku kwetu.
- Sukari. Kiu, kukojoa mara kwa mara na uchovu kwa pamoja visipuuzwe.
- Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Ikifanya kazi polepole mtu huongezeka uzito, husikia baridi, hupata choo kigumu na hukosa ari. Kipimo chake huitwa TSH, na mara nyingi hupatikana hospitali kubwa au maabara za mjini.
- VVU, kifua kikuu, ujauzito, kulingana na hali yako.
- Usingizi. Anayekoroma kwa nguvu na kukatikiwa pumzi usiku anaweza kulala kwa muda wa saa nane na kuamka hoi.

Orodhesha pia unachotumia. Vidonge vya mafua na mzio kama klofeniramini, ambavyo wengi huvinunua duka la dawa kama njugu, hulevya usingizi hadi kesho yake. Mirungi au miraa humchangamsha mtu jioni na kumwangusha asubuhi. Pombe humlaza haraka kisha humwamsha saa 9 usiku. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache mwenyewe, muulize.

Jinsi unavyojieleza mbele ya daktari huamua utakachopewa. Ukisema "kichwa kinauma", utapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Sema hivi: *"Kwa wiki tatu sasa sina nguvu, silali vizuri, na hata vitu nilivyovipenda havinifurahishi. Naomba nichunguzwe mwili na hali ya akili pia."* Mwonyeshe namba yako ya hatua ya 1. Ukihofia kusahau, andika sentensi hii kwenye karatasi na umpe.

Upungufu wa damu ukipatikana, usihitimishe kwamba hakuna sonona. Vyote viwili vinaweza kukaa nyumba moja. Tibu damu, endelea na hatua zinazofuata, kisha pima tena.

Kama nyumbani wanataka kwanza kisomo, kombe, maombi au dawa za miti shamba, usigombane nao. Dua haipingani na kliniki. Kataa mambo mawili tu: kufungwa au kupigwa mgonjwa, na kuambiwa asitumie dawa za hospitali.

## Hatua ya 3: Andika wiki yako ilivyo (siku 7)

Kabla ya kubadilisha chochote, tazama. Gawa siku mara nne: asubuhi, mchana, alasiri, usiku. Kila kipindi andika mstari mmoja: ulifanya nini, ulikuwa na nani, na hali ya moyo kati ya 0 na 10.

Mfano wa siku moja:

- Asubuhi: kitandani na simu hadi saa 5. Peke yangu. 2.
- Mchana: nilikula ugali na dagaa, mama alinilazimisha. 3.
- Alasiri: nilikaa barazani, mtoto wa jirani akaja na vitabu vyake. 5.
- Usiku: simu, kisha mawazo hadi saa 8. 1.

Sababu ya kuandika ni kwamba sonona huharibu kumbukumbu ya mazuri. Ukiulizwa Jumamosi wiki ilikwendaje, utasema "mbaya yote". Daftari litakuonyesha ile 5 ya alasiri, na ile 5 ndiyo utakayoifanyia kazi.

Hapa watu huharibu kwa kuandika siku nzima kwa mpigo usiku, wakati moyo uko chini kabisa, na kila mstari ukapakwa rangi ya usiku. Andika papo hapo, hata maneno matatu. Wengine huanza kujirekebisha mapema ili daftari lipendeze. Usifanye hivyo, wiki hii unahitaji ukweli wako.

Umefaulu kama siku 4 kati ya 7 zina maandishi, na unaweza kutaja vitu viwili vilivyopandisha namba japo kwa 1, na viwili vilivyoishusha. Kwa wengi vinavyoshusha ni vilevile: simu kitandani, kukaa peke yao muda mrefu, na kulala mchana hadi jua kuzama.

## Hatua ya 4: Chagua vitendo, kisha vivunjevunje

Andika vitendo 12 hadi 15 vya aina tatu vikichanganywa: vya kutunza mwili (kuoga, kula, kutoka juani), vya kumaliza jambo (kufua, kulipa bili ya maji, kujibu ujumbe), na vya watu (kumsalimia bibi, kukaa kijiweni nusu saa). Kando ya kila kimoja weka ugumu, 0 hadi 10, kwa jinsi unavyojisikia leo, si kama ulivyokuwa zamani. Aliyekuwa akiendesha duka anaona aibu kuandika "kuoga: 7". Aandike tu.

Unaanza na vile vyenye ugumu wa 1 hadi 3. Vikubwa vivunje hadi kila kipande kishuke chini ya 3. Chukua kufua:

1. Kusogeza nguo chafu zote mahali pamoja.
2. Kuchagua nguo tano tu.
3. Kuteka maji ndoo moja na kuziloweka.
4. Kufua hizo tano.
5. Kuanika.

Kila kipande ni kazi kamili. Ukiloweka jioni na kufua kesho asubuhi, hujashindwa, umemaliza kazi mbili kwa siku mbili.

Kanuni ya vipimo: kadiria unachoweza, kisha kata nusu. Unadhani unaweza kutembea dakika 20? Panga 10. Kwenye sonona kila kushindwa huandikwa moyoni kama ushahidi dhidi yako, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo lengo ni kukusanya ushindi mdogo usio na mashaka. Ukipita lengo, vizuri, lakini lengo la kesho lisipande.

## Hatua ya 5: Funga kila kitendo kwa saa na mahali (wiki ya 2 na kuendelea)

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi, na ndipo ratiba za Jumapili usiku hufia.

"Kesho nitafanya mazoezi" ni matamanio. Mpango una kitangulizi, kitendo, mahali na muda: *"Nikishapiga mswaki, nitatoa kiti nje na kukaa juani dakika 10."* Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwa nini sentensi ya namna hii hufanya kazi: uamuzi umeshafanywa jana, na leo mswaki wenyewe unakukumbusha. Huhitaji kujishawishi, na kujishawishi ndiko kunakommaliza mtu mwenye sonona kabla hajanyanyua mguu.

Wenye kuswali wana vitangulizi tayari: "Baada ya alasiri, kabla sijakunja mswala, nampigia dada." Wengine watumie kengele ya shule ya jirani, taarifa ya habari ya redio, au kupita kwa muuza maziwa. Chagua kitu kinachotokea bila wewe.

Kasi ya wiki:

- *Wiki ya 2:* vitendo viwili kwa siku, kila kimoja kisizidi dakika 10. Kimoja kiwe nje ya nyumba.
- *Wiki ya 3:* vitatu kwa siku, kimoja kiwe na mtu mwingine.
- *Wiki ya 4:* vitatu hadi vinne, kimoja kiongezwe hadi dakika 20 au 30.
- *Wiki ya 5 na 6:* ongeza kitu kimoja cha kazi au masomo, kwa vipande.

Saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata kama ulilala saa 8 usiku. Ni bora kuamka saa 2 asubuhi kila siku kuliko saa 11 alfajiri siku moja na saa 6 mchana siku tatu. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30, na simu ichajiwe mbali na kitanda.

Fanya kwa kufuata mpango, si kwa kufuata hali ya moyo. Kabla ya kutoka nje moyo utasema hakuna maana. Usibishane nao, toka ukiwa nao. Baada ya kitendo andika namba. Mara nyingi itakuwa imepanda kwa 1 tu, na siku nyingine haitapanda kabisa. Kinachohesabika ni mwelekeo wa wiki mbili.

Tiba hii si ya kubahatisha. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, ukihusisha watu wazima 440 wenye sonona, ulikuta kwamba tiba ya kuamsha vitendo kama hii, ikisimamiwa na wahudumu wasio wataalamu wa saikolojia, haikupitwa na tiba ya mazungumzo inayotolewa na wataalamu wenye mafunzo marefu. Zimbabwe nako mabibi wazee wa mtaa hukaa na watu kwenye Benchi la Urafiki, mpango ulioanzia Harare mwaka 2006, na husaidia mtu kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Mpango huo umefika Zanzibar pia.

### Yanayoharibika, na dawa yake

"Nimekosa asubuhi, siku imeharibika." Siku ina vipindi vinne. Anza kinachofuata. Kitendo kikishindikana mara mbili mfululizo hakikupimwa vizuri, kwa hiyo kikate nusu tena: dakika 10 ziwe 5, kuoga kuwe kunawa uso na miguu.

Mawazo yanayozunguka. Unakaa kufikiria kwa nini uko hivi, nani alikuangusha, ungefanya nini miaka mitano iliyopita. Jipe dakika 2. Zikiisha jiulize: nimepata hatua ya kuchukua? Moyo umepungua uzito? Kama yote ni hapana, huko si kutafakari. Simama na utumie mikono: fagia uwanja, chambua mchele, mwagilia maji.

Siku nzuri inayokudanganya. Wiki ya tatu unaamka na nguvu, unafanya kazi za wiki nzima kwa siku moja, kisha unaanguka siku tatu. Siku nzuri fanya ulichopanga, ongeza kimoja, simama.

Kujilinganisha na hali za WhatsApp za wenzako. Zima kuonyeshwa masasisho yao kwa wiki 6. Hawatajua.

## Hatua ya 6: Kwa ndugu wa nyumbani

Ukimya na lawama vyote viwili humzamisha mgonjwa. "Acha uvivu, wenzako wanajenga" humthibitishia kile ambacho ugonjwa unamwambia usiku kucha. "Jikaze, wewe mwanamume" humfundisha kuficha, na anayeficha ndiye wa kumwogopa zaidi.

Badala yake mwite kwenye kitendo, mfanye wote, kiwe kidogo: *"Mdogo wangu, njoo tuchambue mchicha."* *"Kaka, nisindikize dukani, tunarudi sasa hivi."* *"Mama, leo chai tunywee nje."* Akikataa, sema sawa, na urudi kesho. Akikubali, usimshangilie kama mtoto. Asante moja inatosha.

Usimfanyie kila kitu. Kumletea chakula kitandani siku ya kwanza ni huruma. Mwezi mzima ni kumfungia humo. Muulize wazi kuhusu kujiua: *"Je, kuna wakati unaona heri ufe?"* Kuuliza hakumpandikizii wazo. Humpunguzia upweke wa kulibeba.

## Hatua ya 7: Lini na wapi pa kutibiwa

Alama 20 na zaidi: nenda wiki hii. 15 hadi 19: panga miadi sasa, huku ukiendelea na hatua ya 5. 10 hadi 14: jaribu wiki 2 za hatua ya 5, na kama namba haijashuka, nenda.

Anza na hospitali ya wilaya au kaunti iliyo karibu na uulizie kliniki ya afya ya akili. Kwa rufaa, Tanzania ina Mirembe huko Dodoma, idara ya afya ya akili Muhimbili, Lutindi wilayani Korogwe, na Kidongo Chekundu kwa Zanzibar. Kenya ina Mathari jijini Nairobi na Port Reitz Mombasa, na Uganda ina Butabika. Kuhudhuria kliniki si kulazwa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa Kenya, woga wa kushtakiwa kwa kujaribu kujiua usimzuie mtu kusema ukweli: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba.

Ukipewa dawa, mara nyingi itakuwa fluoksetini, miligramu 20 asubuhi, au amitriptilini, ambayo huanza kwa dozi ndogo usiku. Yajue haya kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa:

- Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Kichefuchefu, mdomo kukauka au usingizi huja mapema kuliko nafuu, ndiyo maana wengi huacha siku ya tano.
- Hazifanyi kazi kama dawa ya maumivu. Kumeza siku unayojisikia vibaya tu hakusaidii.
- Ukipona, kwa kawaida daktari hukuendeleza nazo miezi 9 hadi 12, kisha hupunguza taratibu. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, na ugonjwa kurudi.
- Wiki za mwanzo mgonjwa aangaliwe kwa karibu, hasa aliye chini ya miaka 25.
- Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo huua. Kwa mwenye mawazo ya kujiua, ndugu atunze vidonge na kutoa dozi ya siku.

## Hatua ya 8: Pima tena, na andika ukurasa wa tahadhari

Rudia maswali tisa mwisho wa wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Kushuka kwa alama 5 ni mabadiliko ya kweli. Kufika nusu ya namba ya mwanzo ni dalili kwamba tiba inafanya kazi. Chini ya 5 ndipo pa kusema umepona. Namba isiposogea hadi wiki ya 6 licha ya kufuata mpango, rudi kwa daktari na daftari lako; huenda dozi, aina ya dawa au jina la ugonjwa vinahitaji kuangaliwa upya.

Sonona ina tabia ya kurudi, kwa hiyo mtu aliyepata nafuu aandike ukurasa mmoja wakati akili imetulia. Juu aandike dalili zake tatu za mwanzo, zile hasa: "naacha kupokea simu", "naacha kuoga asubuhi", "naamka saa 9 usiku siku tatu mfululizo". Katikati aweke vitendo vitatu vilivyompandisha namba kuliko vingine. Chini jina la msindikizaji, kliniki na siku zake za kuhudumia, dawa na dozi iliyomfaa. Nakala moja ibaki daftarini, nyingine kwa msindikizaji, naye apewe ruhusa kwa maandishi ya kusema: "Naona mbili kati ya tatu, kesho twende kliniki."